Kulegeza Mkono

Lugha yetu haikumtendea haki mtu aliyelegea. Msumari uliolegea ni hatari, mtoto aliyelegea anauguza kitu, na mwanafunzi mlegevu hahitaji maelezo zaidi. Tukitaka kumsifu fundi twasema ana mkono thabiti. Kwa hiyo anayetaka kuzungumza kwa Kiswahili juu ya ile namna ya kuchora kwa rangi za maji ambayo wengi huitamani na wachache huifikia, namna ya brashi inayopita mara moja na kuyaacha mengine bila kusemwa, hujikuta hana neno ila neno la lawama. Nimewahi kujaribu kutumia "wepesi", lakini wepesi nao una doa lake. Mkono mwepesi anao mchoraji, na mwizi wa sokoni anao pia.

Hata jina la rangi yenyewe lina utata. Nenda dukani ukaulize rangi ya maji, utaletewa ndoo ya kupaka ukutani. Ninayoisema hapa ni ile ya vidonge na vijitubu, unga wa rangi uliosagwa na kuchanganywa na gundi ya miti ya jamii ya mgunga, ukayeyushwa kwa maji na kupakwa juu ya karatasi.

Neno nililolihitaji nililipata baharini. Upepo unapokuja kwa ghafla, mshika demani huilegeza kamba ile. Hailegezi kwa uvivu, maana kuikaza wakati huo ni kupasua tanga au kupindua chombo, na kuiachia kabisa ni kulifanya tanga lipigepige hewani kama kitambaa. Hulegeza huku ameishika, na macho yake yako juu. Katika kauli hiyo ya mabaharia, kulegeza ni kitendo cha mtu aliye macho kuliko wenzake wote chomboni. Kwa maana hiyo ndiyo ninalitumia neno hili, nami nauliza swali ambalo ni la maadili kabla ya kuwa la ufundi: je, kazi iliyofanywa kwa dakika ishirini, yenye nusu ya mambo yaliyoachwa, yaweza kuwa kazi ya uaminifu?

Swali hili halina uzito mkubwa kwa mchoraji wa rangi za mafuta. Akikosea, hufunika. Edward Saidi Tingatinga na waliomfuata walitumia rangi nzito ya kung'aa, ya aina ile ipakwayo baiskeli, juu ya mbao laini, na katika rangi ile chui akiharibika mgongo hupakwa mgongo mwingine juu yake. Rangi ya maji haifuniki. Mwanga wake hutoka chini, katika weupe wa karatasi, ukapenya rangi na kurudi machoni mwetu. Weupe ukishapotea haurudi kwa ukamilifu wake, na kila tabaka linaloongezwa ili kusahihisha la kwanza huupunguza mwanga ule. Ndiyo maana mchoro uliosahihishwa sana katika fani hii hujulikana mara moja: umekuwa na rangi ya tope. Uoga wa mchoraji umebaki pale, wazi kwa kila mtu.

Tena kuna wakati. Pwani hii ina saa mbili tofauti za karatasi. Kaskazi ikivuma na jua likiwa utosini, rangi hukauka kabla hujainua brashi. Masika ikiingia, karatasi hukataa kukauka, na ile gundi iliyotiwa kiwandani ili izuie maji yasinywewe ovyo huanza kuoza kwa unyevu, hata ukipaka rangi yajitokeza madoa kama yaliyo kwenye karatasi ya kukaushia wino. Mchoraji haendeshi mambo hayo. Huyapokea, akaamua upesi. Mwenye tabia ya kutaka kila kitu kimtii atachagua fani nyingine, au atabaki katika hii akiteseka, akichora matofali moja baada ya moja kwa brashi yenye nywele tatu.

Lawama ya uzembe ina historia, na kesi yake mashuhuri kabisa ilisikilizwa London mwezi wa Novemba 1878. Mchoraji wa Kimarekani James McNeill Whistler alikuwa ameonyesha mwaka uliotangulia, katika Grosvenor Gallery, picha ya fataki zikianguka usiku juu ya mto Thames. Picha ilikuwa ya mafuta, lakini mafuta aliyoyafanya mepesi hata yakatiririka karibu kama maji. John Ruskin, mhakiki aliyeogopwa kuliko wote Uingereza wakati ule, akaandika kwamba mtu huyu anadai gini 200 kwa kuwamwagia watu chungu cha rangi usoni. Whistler akamshitaki. Mahakamani akaulizwa picha ilimchukua muda gani, akajibu kwamba ni kama siku mbili. Wakili akamuuliza kama ni kwa kazi ya siku mbili anataka gini 200. Akajibu kuwa la, anazitaka kwa ujuzi alioukusanya maisha yake yote. Alishinda kesi, akatunukiwa robo ya peni moja. Gharama zikamlemea, na mwaka 1879 akafilisika.

Jibu lile la Whistler limekuwa kama hirizi ya wachoraji wavivu. Kila asiyejua kuchora mkono wa mtu husema ana maisha mazima nyuma ya doa lake. Kwa hiyo sikubali kwamba kesi iliisha kwa jibu lile, maana jibu laweza kuwa la kweli kinywani mwa mmoja na la uongo kinywani mwa mwingine, na karatasi zao zikafanana kwa anayepita njia.

Jambo linalonishangaza zaidi ni Ruskin mwenyewe. Huyu ndiye aliyesimama mwaka 1843, kijana wa miaka 24, kumtetea Turner dhidi ya watu waliosema picha zake za uzeeni ni sabuni na chokaa. Naye ndiye aliyeandika mwaka 1857, katika kitabu chake cha kufundisha kuchora, kwamba mchoraji hana budi kuurudia utoto wa jicho, aone madoa ya rangi kama yalivyo kabla akili haijayapa majina. Mtu aliyesema hayo aliwezaje kushindwa mbele ya madoa ya Whistler? Nadhani Ruskin aliamini kuwa Turner amelegeza mkono baada ya kuvijua vitu: mawimbi, mawingu, miamba, kamba za merikebu. Kwa Whistler hakuona ujuzi huo, akaona madaha. Kuhusu Whistler naamini alikosea. Kuhusu kipimo chenyewe, yaani kwamba ulegevu huulizwa unajua nini, sijaona aliyekitengua.

Turner alitoa ushahidi wake mwaka 1818, huko Yorkshire, nyumbani kwa rafiki yake Walter Fawkes. Aliombwa achore picha itakayoonyesha ukubwa wa manowari. Mtoto wa mwenye nyumba alikaa kando yake asubuhi nzima, na baadaye alisimulia aliyoyaona: mgeni alimwaga rangi hadi karatasi ikalowa chepechepe, akaikwaruza, akaisugua kama mwenye wazimu, vyote vikiwa vurugu tupu, na kidogo kidogo merikebu ikatokea, na kamba zake na mizinga yake, ikawa tayari kabla ya chakula cha mchana. Hapakuwa na merikebu ya kutazama, maana pale ni bara, mbali na bahari. Meli ilikuwa imo ndani ya mtu.

Wachina, ambao walianza kuishughulikia mada hii karne nyingi kabla, wana kisa kinachokwenda mbali zaidi. Kinasimulia juu ya mfalme Xuanzong wa karne ya nane aliyetaka mandhari ya mto Jialing yachorwe katika ukuta wa kasri lake. Wu Daozi alikwenda kuutazama mto, akarudi mikono mitupu, bila mchoro hata mmoja, akasema yote ameyaweka moyoni. Kisha akachora masafa ya maili nyingi kwa siku moja. Li Sixun aliyachora hayo hayo kwa miezi kadhaa. Mfalme akatazama, akahukumu kuwa kazi zote mbili zimefikia ukamilifu. Wanahistoria wanatuambia kisa hakiwezi kuwa cha kweli, kwani Li Sixun alikuwa amekwisha fariki wakati unaotajwa. Nakipenda hata hivyo, hasa kwa kuwa mfalme hakumpa ushindi yule wa haraka. Wapenzi wa mkono uliolegea aghalabu huisahau nusu ya pili ya hukumu ile. Wanataka kutuambia kwamba mwenye kuchora kila jani ni mtumwa na wao ni watu huru. Li Sixun hakuwa mtumwa wa kitu. Alichukua miezi kwa sababu alichokiona kilihitaji miezi.

Hapa ndipo inapofaa kuuliza juu ya udanganyifu. Mwaka 2013 makumbusho ya Brooklyn na ya Boston yalikusanya pamoja picha za rangi za maji za John Singer Sargent, nyingi zikiwa miongoni mwa 83 ambazo Brooklyn ilizinunua kwa mkupuo mwaka 1909. Mtu akizitazama picha zile za Venice hudhani zimepulizwa juu ya karatasi. Karibu zaidi, mara nyingi pana mistari ya penseli iliyopimwa kwa uangalifu, hasa penye majengo. Pana nta iliyotangulizwa ili maji yasishike. Pana mahali palipokwaruzwa. Winslow Homer naye alikwaruza na kufyonza rangi kwa kitambaa ili aurudishe weupe. Je, hawa walituhadaa? Walitengeneza sura ya kitu cha papo hapo kwa njia ambazo hazikuwa za papo hapo.

Msomaji wa ushairi hatashtuka. Sisi twajua kwamba malumbano ya washairi, yale ya kujibizana papo kwa papo, yanasimama juu ya miaka ya kuzizoea mizani hadi masikio yakazihesabu yenyewe. Kaluta Amri Abedi alipozichapisha sheria za kutunga mwaka 1954 hakuwapa watu minyororo. Aliandika jambo ambalo midomo ya watu ilikuwa inalijua tangu enzi za Muyaka bin Haji na kabla yake. Na Euphrase Kezilahabi alipotoa *Kichomi* mwaka 1974, mashairi yasiyo na vina, ugomvi uliozuka ulikuwa, kwa kiasi kikubwa, ugomvi wa Ruskin na Whistler: huyu hajui, au anajua na ameacha? Ugomvi ule ulinikuta nikiwa bado mdogo, nikaja kuusoma baadaye katika magazeti ya zamani, na nilichokiona ni kwamba waliokasirika zaidi hawakukasirishwa na ubeti. Walihofia kwamba mlango ukifunguliwa kwa anayejua, ataingia naye asiyejua, na hakuna bawabu atakayewatenganisha. Hofu yao haikuwa ya kipumbavu. Wengi waliingia.

Kwa hiyo Sargent simhesabu kuwa mwongo. Hakuahidi kutuonyesha saa aliyoitumia; alituonyesha mwanga juu ya jiwe, na mwanga ule ni wa kweli. Mwongo ni yule anayeiga alama za ujasiri bila kuthubutu kitu: anarusha matone pembeni ya picha kwa mswaki, anaacha ukingo mmoja haujakamilika kwa kuwa ameona wengine wanaacha, anatiririsha rangi chini ya mashua kila siku kwa mtindo ule ule. Nimeziona kazi hizi zikiuzwa kwa wageni katika vichochoro vya Mji Mkongwe, na sizibezi kama riziki. Lakini kwa upande wa maadili naziona chini kuliko mchoro mkavu wa mwanafunzi aliyehesabu madirisha yote. Yule mwanafunzi alau alikuwa na deni kwa dirisha. Huyu ana deni kwa mtindo tu.

Kipimo changu nilikipata kwa wavuvi, na ni kipimo cha bure. Mwonyeshe mvuvi mchoro wako wa ngalawa uliochukua dakika tano. Ikiwa foromali imeelekea upande usiowezekana, atacheka, wala hatajali kwamba wewe ni msanii. Ikiwa umejua, atakuuliza swali juu ya bahari. Mzee mmoja alitazama karatasi yangu yenye mipigo saba au minane ya brashi, hakuna uso wa mtu wala kamba, akauliza, "Kusi hili, mwanangu?" Lilikuwa kusi. Hakuna mpigo hata mmoja uliosema upepo, lakini nilivyoviacha viliacha nafasi yenye umbo lake.

Mwenye kutaka kuufikia ulegevu huu ataambiwa mambo mengi, na mengi ni ya kweli. Ashike brashi mbali na nywele zake, karibu na ncha ya mti, ili vidole visiweze kutawala na kazi ifanywe na bega. Atumie brashi kubwa kuliko anavyoona inafaa. Asimame. Afinye macho nusu hadi vitu vidogo vipotee na vibaki vivuli vikubwa vitatu au vinne. Ajiwekee muda. Karatasi aiinamishe, maji yateremke yenyewe. Miye sikuwa na mwalimu. Niliyapata haya kwa vitabu vilivyochakaa na kwa kuharibu karatasi, na nayaona yote kuwa ni ya mkononi. Lililonisaidia kuliko yote lilikuwa la kuchosha zaidi: kuchora kitu kimoja mara ishirini. Mara tano za kwanza mtu huchora anachokijua. Mara tano zinazofuata huchora anachokiona, naye hukata tamaa kwa wingi wake. Kisha hutokea uchovu wa namna fulani, mtu anaacha kujionyesha kwa kitu kile, na brashi inaanza kuchagua.

Nasema kujionyesha kwa makusudi. Kwa muda mrefu tumekubali kwamba mchoro wenye kila kitu ni wa mtu mnyenyekevu, na mchoro uliolegea ni wa mwenye majivuno. Kwa nilivyoona, aghalabu ni kinyume. Anayechora kila tundu la kashida za lango la Kizanzibari huenda anatuambia: tazameni subira yangu. Tazama jinsi mafundi wetu wa hina wanavyofanya kazi usiku wa kuamkia harusi. Bibi mchoraji hana kielelezo mbele yake. Hina haifutiki, ikigusa ngozi imegusa. Mkono wa bibi harusi unatikisika kwa kicheko, watu wanaimba, na ua linajongea kutoka kidole hadi kifundo bila kusita. Hakuna hata mmoja chumbani anayesema kwamba bibi yule ameonyesha uhuru wake. Yeye ameshughulika na mkono ule, mwembamba au mnene, na ua limeufuata. Watu wanaotafuta falsafa ya jambo hili mbali wangeweza kukaa mkekani pale, wakiruhusiwa, na kutazama tu.

Kazi yangu ya kila siku ni kutafsiri, na huko ugomvi ni huo huo. Tafsiri iliyokazwa neno kwa neno mara nyingi ni ya mtu anayejikinga: asilaumiwe. Iliyolegezwa yaweza kuwa ya mtu aliyeisikia sentensi nzima, au ya mtu aliyeruka asichokielewa. Kwa nje zinafanana.

Liko hata hivyo jambo moja ambalo sijaweza kulimaliza. Ruskin, kabla ya ugomvi wake na Whistler, alikaa Venice majira mawili ya baridi kati ya 1849 na 1852 akipima nguzo na matao kwa futi na kamba, akichora kila jani la jiwe, kwa kuwa aliona mji ule unaharibiwa mbele ya macho yake, ama kwa kuachwa ama kwa kukarabatiwa vibaya. Turner alikuwa ameuchora mji ule ule kama mvuke na dhahabu. Leo anayetaka kujua mvuke ule ulikuwaje huenda kwa Turner. Anayetaka kujua jiwe lilikaaje, Turner hamfai kitu.

Nilichora Beit al-Ajaib mara nyingi, kutoka Forodhani, wakati wa magharibi, tangu nilipoanza kushika brashi. Jumba lile lililojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883 lilipewa mnara wake wa saa wa mbele mwaka 1897, baada ya mizinga ya Waingereza ya 1896, na mnara ule ndio niliokuwa nikiuanzia daima, mpigo mmoja kutoka juu hadi chini, kabla mbingu haijakauka. Tarehe 25 Desemba 2020, jumba likiwa katika ukarabati, sehemu ya mbele ilianguka pamoja na mnara, na watu wakapoteza maisha. Wiki chache baadaye jirani yangu, seremala, alikuja akaomba kuziona karatasi zangu. Alitaka kujua mbao za roshani zilikutana vipi na nguzo za chuma upande wa kushoto. Nikazitandika zote sakafuni. Zilikuwa kumi na nne.

Alizipitia moja moja kwa adabu. Katika zote, mahali alipopatafuta palikuwa na buluu inayoingia katika zambarau, laini, bila ukingo. Katika mbili au tatu palikuwa peupe, karatasi tupu, kwa sababu jua lilikuwa limepiga pale.

"Hapa hamna," akasema.

"Hamna," nikasema.

Aliishika moja kwa muda mrefu zaidi. Akasema kwamba hiyo ni saa kumi na mbili kasoro, mwezi wa saba au wa nane, kwa vile kivuli kimefika kwenye ngazi. Baba yake alikuwa akimngojea pale pale atoke chuoni. Akauliza kama anaweza kuichukua. Nikampa. Kisha akaenda kutafuta picha za kamera kwa jibu la roshani, nami nikabaki na kumi na tatu, nikaziokota.